Kushusha Gari Lililoinuliwa: Uzito Ndio Unaochagua Springi

Magari yanayohimili njia mbovu ni sehemu ya maisha ya kazi nchini Tanzania. Yanawabeba watalii hifadhini, yanapeleka dawa na chanjo katika zahanati za mbali, yanawafikisha mafundi kwenye miradi ya maji na kuwasaidia wakulima kutoa mazao shambani. Mengi kati ya hayo huinuliwa kuliko yalivyotoka kiwandani, ili yapite juu ya mawe, matope na makorongo, au yabebe shehena bila kukaa chini.

Gari la namna hiyo linapomaliza kazi yake ya awali huuzwa, ama katika mnada wa hadhara ama kwa makubaliano binafsi, na mmiliki mpya hulitumia kwa shughuli tofauti kabisa. Linapita kwenye lami kila siku, linapeleka watoto shule na kusafiri mikoani kwa mwendo wa barabara kuu. Hapo ndipo urefu uliokuwa msaada porini unapogeuka kero. Wazee na watoto wanapanda kwa shida, gari linarusha abiria kwenye kila tuta, na kwenye kona linayumba.

Kero hiyo ina upande wa hatari. Uthabiti wa gari hutegemea uwiano kati ya nusu ya upana wa magurudumu yake na kimo cha kitovu cha uzito. Kwa mfano wa hesabu, gari lenye upana wa sentimita 150 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito kilicho sentimita 75 kutoka ardhini lina uwiano wa 1.0. Kitovu hicho kikipanda hadi sentimita 85, uwiano hushuka hadi karibu 0.88, yaani uwezo wa kuhimili kupinduka umepungua kwa takribani asilimia 12. Kulishusha gari kama hilo ni uamuzi wa busara, mradi lishushwe kwa njia sahihi.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kununua springi kwa kuangalia urefu pekee. Mmiliki humwambia muuzaji kuwa anataka gari lishuke inchi mbili, hupewa springi zilizojikunja kidogo kuliko zilizopo, na baada ya kuzifunga hukuta gari limeshuka mno, halijashuka kabisa, au limekuwa gumu kuliko mwanzo. Sababu ni moja: springi huchaguliwa kwanza kwa uzito litakaoubeba gari, na kimo ni matokeo ya uzito huo.

Magari yanayohusika

Maelezo haya yanahusu springi za mabapa, yaani zile zilizoundwa kwa vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Springi hizo zipo mbele na nyuma katika magari ya zamani ya Land Rover ya mfululizo wa I hadi III, Suzuki SJ410 na Land Cruiser nyingi za miaka ya nyuma. Katika Land Cruiser nzito za mfululizo wa 70, springi za mbele zilibadilishwa kuwa za koili mwaka 1999, lakini za nyuma zilibaki za mabapa. Magari mengi ya pikapu, ikiwemo Hilux, yana springi za mabapa nyuma.

Kila springi ina bapa kuu, ambalo ncha zake zimekunjwa kuwa majicho mawili yenye bushi. Jicho moja hufungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Jingine huning'inia kwenye shakeli, kipande kinachocheza mbele na nyuma, kwa kuwa springi hurefuka kila inaponyooka chini ya mzigo. Bolti ya katikati huunganisha mabapa yote, na kichwa chake hukaa kwenye tundu la ekseli ili ekseli isihame. Bolti zenye umbo la herufi U ndizo zinazobana springi na ekseli pamoja.

Kilichoinua gari kijulikane kwanza

Si kila gari lililoinuliwa linahitaji springi mpya. Kabla ya kununua chochote, fundi anapaswa kuingia chini ya gari na kubaini njia iliyotumika kuliinua, kwa kuwa kila njia ina namna yake ya kurudishwa.

Njia ya kwanza ni kurefusha shakeli. Kwa kuwa shakeli inashika ncha moja tu ya springi, gari hupanda kwa takribani nusu ya urefu ulioongezwa. Shakeli iliyozidi milimita 40 huinua gari kwa kiasi cha milimita 20. Hapa kinachohitajika ni kurudisha shakeli ya kiwandani.

Njia ya pili ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ya nyuma. Gari hupanda kwa unene wote wa kipande hicho. Kikiondolewa, gari hushuka kwa kiasi hicho hicho, lakini bolti za U zilizorefushwa kwa ajili yake lazima zibadilishwe pia.

Njia ya tatu ni kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuzifunga juu yake. Hii huinua gari kwa jumla ya unene wa springi na wa bomba la ekseli. Kulirudisha gari la namna hiyo ni kazi ya kuchomelea na kupanga upya viti vya springi kwenye ekseli, na haipaswi kufanywa na mtu asiye na ujuzi huo.

Njia ya nne ni kuweka vipande kati ya bodi na chesisi. Dalili yake ni mwanya mkubwa unaoonekana kati ya bodi na chesisi. Springi haziwezi kurekebisha urefu uliotokana na njia hii.

Njia ya tano ni matairi makubwa. Tairi likiongezeka kipenyo kutoka inchi 31 hadi 35, gari hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani inchi mbili au takribani sentimita tano.

Njia ya sita ndiyo inayohusu springi zenyewe: kuongeza bapa, au kufunga springi zilizojikunja zaidi. Ni katika hali hii ambapo uchaguzi wa springi nyingine unahitajika.

Namna ya kupima kimo

Kipimo cha kutoka ardhini hadi kwenye bampa hakifai, kwa sababu huchanganya springi, matairi na upepo wa matairi. Kipimo kinachofaa ni cha kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, moja kwa moja juu. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, matairi yawe na upepo unaotakiwa, tangi liwe na mafuta ya kawaida, na gari liwe limetembea kidogo ili springi zikae mahali pake.

Vipimo vinne, kimoja kwa kila gurudumu, viandikwe. Tofauti ya kushoto na kulia ni taarifa muhimu. Huenda springi moja imechoka au ina bapa lililovunjika, na katika baadhi ya magari kiwanda chenyewe huweka springi za pande mbili zenye nguvu tofauti ili kufidia uzito wa dereva au tangi la mafuta. Vipimo hivyo hulinganishwa na kimo cha kiwandani, au cha gari jingine la aina hiyo hiyo ambalo halijaguswa.

Uzito kabla ya urefu

Springi ya mabapa ina sifa mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni mkunjo wake ikiwa haijabeba kitu. Ya pili ni ugumu wake, yaani kiasi cha mzigo kinachohitajika kuikandamiza kwa kipimo fulani. Kimo cha gari ni mkunjo ukitolewa kiasi springi inachokandamizwa na uzito wa gari.

Chukua springi mbili za nyuma ambazo kila moja hushuka milimita 10 kwa kila kilo 50. Kila moja ikibeba kilo 400, hushuka milimita 80. Zikibadilishwa kwa springi zenye mkunjo ule ule lakini zenye ugumu maradufu, yaani kilo 100 kwa kila milimita 10, mzigo ule ule huzishusha milimita 40 tu. Gari limepanda milimita 40, ingawa springi hizo zikiwa dukani zilionekana sawa na zile za awali.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini magari mengi yaliyofanya kazi ya utalii au miradi hubaki juu baada ya kuuzwa. Springi zake ziliwekwa kubeba viti vya ziada, keria, tangi la pili la mafuta, friji, betri na vifaa vya kambi. Vitu hivyo vikiondolewa, mzigo hupungua na springi hurudia mkunjo wake na kuinua gari. Zikiwa ni zile za kilo 50 kwa milimita 10, kupunguza kilo 300 juu ya ekseli ya nyuma, yaani kilo 150 kwa kila springi, huinua gari kwa milimita 30. Kwa hiyo sehemu ya urefu huo inatokana na mzigo ulioondoka.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mmiliki ni hili: gari litabeba nini siku nyingi za wiki? Njia ya uhakika ya kulijibu ni kulipima gari kwenye mizani ya magari, kama zile zinazotumika viwandani na kwenye maghala ya mazao, likiwa na watu na vitu vya kawaida. Magurudumu ya mbele yapimwe peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Takwimu hizo mbili ni msaada mkubwa kwa muuzaji wa springi kuliko maneno “nataka lishuke kidogo”.

Anayebeba familia mjini na kubeba mzigo mara chache anafaa springi za kiwango cha kawaida cha kiwanda. Anayebeba magunia kila wiki asishawishike kuchukua springi laini kwa ajili ya starehe, kwani gari likipakiwa litakaa juu ya mipira ya kuzuia mgongano na breki zitapata kazi ngumu zaidi. Kwa matumizi mchanganyiko, zipo springi zenye bapa nene la chini ambalo haliguswi gari likiwa tupu, bali huanza kubeba mzigo unapoongezeka. Zipo pia springi zenye mabapa machache yanayokuwa membamba kuelekea nchani. Hizi zina msuguano mdogo kati ya bapa na bapa, hivyo hupokea mashimo madogo kwa ulaini zaidi.

Vipimo vya kulinganisha dukani

Springi inayofanana kwa macho inaweza isifae. Mnunuzi alinganishe upana wa bapa, idadi na unene wa mabapa, kipenyo cha majicho na bushi, na umbali wa kutoka kila jicho hadi bolti ya katikati. Kipimo hicho cha mwisho kina uzito wa pekee, kwa sababu katika magari mengi bolti haiko katikati kamili. Springi ikigeuzwa mbele nyuma, au ikiwa ya gari jingine, ekseli husogea, gurudumu halikai katikati ya madigadi, na propela hupata urefu usio wake.

Unene wa bapa nao usipuuzwe. Ugumu wa bapa hukua kwa unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bapa la milimita 8 ni gumu kuliko la milimita 7 la upana na urefu ule ule kwa karibu nusu nzima. Ndiyo maana springi mbili zenye idadi sawa ya mabapa zinaweza kutofautiana sana barabarani.

Njia za mkato zenye hatari

Njia rahisi inayopendekezwa katika baadhi ya gereji ni kuchomoa bapa moja au mawili. Gari hushuka kweli, lakini mabapa yaliyobaki hubeba mzigo ambao hayakukusudiwa kuubeba. Bapa kuu likivunjika karibu na jicho lililofungwa kwenye chesisi, hakuna kinachoishikilia ekseli upande huo. Huweza kurudi nyuma gari likiwa katika mwendo, na dereva asiweze kulielekeza.

Njia ya pili ya hatari ni kupasha springi kwa moto wa gesi ili inyooke. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa viwango maalumu kiwandani. Moto wa gereji huharibu hali hiyo mahali ulipogusa, na hapo ndipo springi itakapolegea au kukatika. Karakana yenye mashine ya kukandamiza inaweza kupunguza mkunjo bila moto, lakini kazi hiyo inahitaji fundi mzoefu.

Aidha, vipande vya chuma kati ya springi na ekseli visitumike mbele kwa namna yoyote. Dereva anapokanyaga breki, ekseli ya mbele hujaribu kuzunguka, na kipande hicho huongeza nguvu ya kuipinda springi na kinaweza kuchomoka.

Yanayofuata baada ya gari kushuka

Aliyeinua gari alibadilisha pia vitu vingine ili viendane na urefu mpya. Vitu hivyo visiporudishwa, gari lililoshushwa linaweza kuwa hatari kuliko lilivyokuwa.

La kwanza ni breki. Magari mengi ya mizigo yana vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kwa kupima umbali kati ya chesisi na ekseli. Gari likiinuliwa, vali huona kama gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Mafundi hufidia kwa kusogeza au kurefusha fimbo yake. Gari likishushwa bila fimbo kurudishwa, vali huona kama gari limepakiwa. Hupeleka nguvu nyingi nyuma, na magurudumu ya nyuma hukwama kabla ya ya mbele. Kwenye lami yenye maji, nyuma ya gari huteleza na kutangulia mbele. Mipira ya breki iliyorefushwa nayo ikaguliwe isiguse tairi wala bomba la moshi.

La pili ni shokapu. Zile ndefu za gari lililoinuliwa zinaweza kufika mwisho wa safari yake kabla springi haijagusa mpira wa kuzuia mgongano. Pigo la shimo hapo huenda kwenye viungo vya shokapu na chesisi. Shokapu zilingane na kimo kipya.

La tatu ni usukani na propela. Vipande vyembamba vyenye umbo la kabari huwekwa chini ya springi ili kurekebisha pembe ya ekseli baada ya gari kuinuliwa. Vikibaki baada ya kulishusha, vya mbele huharibu pembe inayosaidia usukani kurudi wenyewe katikati, na vya nyuma huipa propela pembe mbaya na kuleta mtetemo. Shakeli nayo itazamwe gari likiwa chini: isiguse chesisi, na ibaki na nafasi ya kucheza springi inaporefuka.

La nne ni matairi, taa na kipima mwendo. Matairi makubwa yanaweza kugusa madigadi baada ya gari kushuka, hasa usukani ukikatwa hadi mwisho. Aidha, gari ambalo kipima mwendo chake kilipangwa kwa tairi la inchi 31, likivaa tairi la inchi 35, huonyesha kilomita 50 kwa saa wakati mwendo halisi ni takribani 56. Dereva anayeamini kuwa ametii kikomo cha kilomita 50 kwenye makazi ya watu anakuwa amekivuka. Taa za mbele pia zipangwe upya, kwa kuwa kimo cha gari kimebadilika.

Ufungaji na wajibu wa mmiliki

Springi zibadilishwe jozi kwa jozi katika ekseli moja. Gari liegemezwe kwenye stendi imara chini ya chesisi, si kwenye jeki pekee. Bolti za U ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika. Bolti za majicho na shakeli zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa limening'inia, bushi hujipinda na kuchakaa mapema. Baada ya kilomita mia chache, bolti za U zikazwe tena kwa kipimo cha mtengenezaji na vipimo vinne vya kimo vichukuliwe upya, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zinapoanza kufanya kazi.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu. Askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani anaweza kulisimamisha na kulikagua. Wajibu wa kuhakikisha gari ni salama hauhamii kwa fundi aliyelishusha. Wamiliki wanashauriwa kutumia mafundi waliopata mafunzo ya ufundi magari, kama yanayotolewa na vyuo vya VETA, kudai risiti ya springi inayoonyesha aina na kiwango chake, na kumjulisha mtoa bima kuhusu mabadiliko yaliyofanyika.

Gari likikabidhiwa, lisipelekwe moja kwa moja safari ndefu. Lijaribiwe kwanza mahali pasipo na msongamano, likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida: breki zikanyagwe taratibu na kisha kwa nguvu, usukani ukatwe kushoto na kulia hadi mwisho, na gari lipitishwe polepole kwenye tuta. Kelele, mtetemo, harufu ya mpira au gari kuvuta upande mmoja ni sababu ya kulirudisha gereji siku hiyo hiyo.